Mama Luka: Tabibu Aliyeponywa na Wale Aliokuja Kuwaponya

Mwaka wa Yubile ni mwaka wa kuhesabu. Twahesabu makanisa, twahesabu shule, twahesabu hospitali na zahanati, tukimshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hata leo. Hapa Mgwashi, kama katika sharika zote za milima ya Usambara, ni shida kupata nyumba isiyo na habari yake ya hospitali ya misheni. Wako waliochukuliwa kwa machela, wakipandishwa na kuteremshwa mabonde hata Bumbuli. Wako waliokuwa na ndugu aliyerukwa na akili, wakampeleka Lutindi, nyumba ile iliyoanzishwa mwaka 1896 kuwa kimbilio la watoto waliokombolewa katika utumwa, na baadaye ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Mambo hayo yamo katika vitabu vya misheni, na ni vema yawemo.

Lakini iko hesabu moja ambayo ni nadra kuandikwa. Twaandika daktari alikuja mwaka gani, alijenga nini, alitibu wangapi. Hatuulizi, Je, kazi ile ilimfanya nini yeye mwenyewe? Mtu ashikaye kisu kila siku juu ya mwili wa mwenzake, akijua ya kuwa mkono wake ukikosea watoto watakuwa yatima, moyo wake hauwezi kukaa vile vile ulivyokuwa. Ama utakuwa mgumu kama jiwe, ama utavunjika, ama utafinyangwa upya kama udongo mkononi mwa mfinyanzi.

Basi nataka kuwaeleza habari za daktari mmoja ambaye hakuificha safari ya moyo wake, bali aliisimulia katika vitabu vyake na mahubiri yake, pamoja na aibu zake. Hakuwa wa milima yetu. Alikuwa wa Kongo ya mashariki, lakini lugha aliyowatibia watu ilikuwa Kiswahili, kile cha huko kilichoitwa Kingwana, na jina alilopewa na watu twalifahamu sote bila kufasiriwa: Mama Luka, kwa sababu Luka Mtakatifu alikuwa tabibu.

Kuja kwake

Jina lake hasa ni Helen Roseveare. Alizaliwa Uingereza tarehe 21 Septemba 1925, akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko, mwaka 1945, ndiko alikomjua Kristo kwa moyo wake wote. Kisha akaenda Ubelgiji kujifunza Kifaransa na magonjwa ya nchi za joto, maana Kongo wakati ule ilitawaliwa na Wabelgiji. Mwaka 1953 akafika Ibambi, katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo, kwenye misheni iliyoanzishwa na C. T. Studd, yule Mwingereza aliyekufa hapo Ibambi mwaka 1931.

Alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa na akili nyingi, nguvu nyingi, na haraka nyingi. Aliona wagonjwa wanakuja kwa mamia, naye ni mmoja. Mara akatambua ya kuwa daktari mmoja hawezi kuushinda msitu mzima. Akaanza kuwafundisha vijana wa kiume na wa kike kazi ya uuguzi, wawe wauguzi na wainjilisti pamoja. Baada ya miaka miwili wanafunzi wake wanne wa kwanza walishinda mtihani wa serikali. Hiyo haikuwa kazi ndogo: vitabu hakuna, yeye mwenyewe akitunga masomo usiku, na mchana akitibu.

Mwaka 1955 wakubwa wa misheni wakaamua ahame Ibambi, ahamishe kazi yote Nebobongo, mahali palipokuwa na kambi ya wakoma na nyumba ya uzazi, mwendo wa maili saba hivi. Hakupenda. Alikuwa ndiyo kwanza amejenga, sasa aambiwa aache aanze tena! Akaenda kwa kunung'unika, akajenga. Kwa miaka mingi hospitali ile ikakua hata ikawa na vitanda 100, kambi ya wakoma, nyumba ya watoto yatima, shule ya wauguzi, na zahanati ndogo 48 zilizotawanyika vijijini.

Kisu, matofali na mikono

Yapasa wasomaji wafahamu neno hili: huyu bibi hakuwa bingwa wa upasuaji. Kazi ya kupasua aliiogopa. Lakini mama aliyeshindwa kujifungua akiletwa usiku, mtoto amelala vibaya tumboni, na hospitali nyingine iko mbali, na barabara ni matope, daktari afanyeje? Akisema, Mimi sijui, watu wawili watakufa. Akijaribu na kukosea, wawili watakufa, tena kwa mkono wake. Ndivyo alivyojifunza upasuaji, kwa maombi na kwa hofu, na wauguzi wake wamesimama karibu wakiomba pamoja naye.

Na majengo pia yalimngoja yeye. Hapakuwa na fedha za kununua matofali. Basi matofali yakafinyangwa na kuchomwa pale pale, na daktari akawa msimamizi. Siku moja alikuwa tanuruni pamoja na watu wa kazi, akipokezana nao matofali, mikono yake imechunika na kutoka damu. Mara akaitwa: yuko mgonjwa wa kupasuliwa upesi. Akakimbia, akanawa mikono kwa dawa, na dawa ile ikamchoma katika vidonda kama moto. Moyoni mwake akamlalamikia Mungu: alikuwa ameomba asaidiwe kazi ya udaktari, naye sasa amefanywa mwashi.

Jibu likaja baadaye, na lilikuja kwa vinywa vya wale watu wa tanuruni. Walimweleza ya kuwa akiwa daktari humcha, na katika chumba cha kupasulia humwona kama mtu wa mbali, mwenye elimu wasiyoifikia. Lakini alipokuwa tanuruni, na mikono yake ikitoka damu kama mikono yao, hapo walimwona kuwa ni mmoja wao, na maneno yake juu ya Mungu yakaanza kuingia. Akashangaa. Mambo yale aliyodhani yanamzuia kazi yake, kumbe ndiyo yaliyoifungulia mlango.

Chupa ya maji ya moto

Habari ya pili yahusu imani yake. Usiku mmoja mama alikufa katika kujifungua. Akaacha mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo sana, na binti wa miaka miwili aliyekuwa akilia bila kunyamaza. Nebobongo iko karibu na mstari wa ikweta, lakini usiku wa msituni huwa na baridi, na mtoto wa namna ile akipoa hufa. Mashine ya kumtia joto haikuwapo, wala umeme. Muuguzi alikwenda kujaza chupa ya mpira kwa maji ya moto, nayo ikapasuka. Na haikuwapo nyingine. Basi wakamlaza mtoto karibu na moto, na muuguzi akalala kati yake na mlango kumkinga upepo.

Mchana wa pili daktari akaenda kuomba pamoja na watoto yatima, kama ilivyokuwa desturi, akawaeleza habari ya mtoto mchanga na ya dada yake anayelia. Binti mmoja wa miaka kumi hivi, jina lake Ruthu, akaomba kwa maneno mafupi: Mungu alete chupa leo hii alasiri, maana kesho mtoto atakuwa amekwisha kufa, tena alete na mwanasesere kwa yule dada, apate kujua ya kuwa anapendwa. Daktari mwenyewe alikiri baadaye ya kuwa hakuweza kuitikia Amina kwa moyo mmoja. Aliamini kwamba Mungu aweza yote, lakini hili? Kwa miaka karibu minne tangu aje Afrika hakuwa amepata kifurushi hata kimoja kutoka kwao.

Alasiri ile kifurushi kikafika. Kilikuwa kimetumwa na kundi la wasichana wa kanisa la kwao miezi mitano iliyopita. Ndani, chini ya nguo na vitu vingine, ilikuwamo chupa ya mpira. Ruthu akakimbilia sanduku akasema, kama chupa imo, basi na mwanasesere lazima yumo. Akapekua, akamtoa.

Wengi huisimulia habari hii kama mwujiza wa chupa. Mimi naona ipo na sababu ya kuisimulia kwa ajili ya daktari. Mwenye shahada ya Cambridge alisimama nyuma ya mtoto yatima katika darasa la imani. Na yeye hakuona haya kuyaeleza hayo mbele ya watu wote.

Mstari katika vumbi

Lakini si kila somo lilikuwa tamu. Kazi ilizidi nguvu zake. Alilala kidogo, aliamshwa sana, aliwalaumu wauguzi kwa makosa madogo, akawa mkali hata kwa wagonjwa. Siku moja, akizunguka wodini, alimfokea mgonjwa mmoja kwa hasira mbele ya watu. Aliyekuwa naye ni John Mangadima, mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake mkuu katika kupasua. Mangadima akamwambia kwa upole ya kuwa hadhani Bwana Yesu angesema namna ile.

Ndugu, tupime uzito wa neno hilo. Huyu ni Mwafrika, katika siku za utawala wa wageni, amwambia hayo Mzungu tena mwalimu wake tena mkubwa wake wa kazi. Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza. Wangapi kati yetu tumenyamaza mbele ya mkubwa aliyekosa, tukajiita wanyenyekevu, kumbe tulikuwa waoga tu? Mangadima hakumsengenya nyuma, wala hakumwaibisha. Alimwambia kwa sababu alimpenda. Naye daktari akarudi wodini, akaomba radhi mbele ya wale wale waliomsikia akifoka.

Hata hivyo alijua ya kuwa ugonjwa wenyewe ungali ndani. Mchungaji wake, jina lake Ndugu, na kweli alikuwa ndugu kwake, akaona hali yake. Hakumhubiria. Alimchukua kijijini kwake, akampa chumba, akamwacha akae peke yake na Mungu. Siku zikapita, wala amani haikuja. Hata jioni moja mchungaji akamwita aketi pamoja naye na mkewe karibu na moto, akafungua waraka kwa Wagalatia, sura ya pili, pale Mtume Paulo anaposema juu ya kusulibiwa pamoja na Kristo. Kisha kwa kisigino chake akachora mstari mmoja katika vumbi la sakafu, uliosimama wima.

Wasomaji wajue ya kuwa kwa Kiingereza neno “mimi” huandikwa kwa herufi moja tu, iliyosimama wima kama nguzo. Mchungaji akamwonyesha ule mstari, akamweleza kwamba adui yake ni huyo: “mimi” aliyesimama. Watu wanamwona daktari sana hata wanashindwa kumwona Yesu. Akamwambia pia ya kuwa ameona anywapo kahawa, husimama akiishika, akingoja ipoe. Basi kila angojapo kahawa ipoe, aombe Mungu aukate ule mstari. Na mchungaji akaupitisha mguu wake akachora mstari wa pili, ukiukata ule wa kwanza. Pale vumbini ukaonekana msalaba.

Hilo ndilo somo la teolojia alilolikumbuka mpaka uzee wake, na aliyelifundisha hakuwa profesa.

Moto wa mwaka 1964

Mwaka 1958 alikwenda kwao amechoka mwili na roho, hata akawaza kutorudi. Alirudi mwaka 1960. Tarehe 30 Juni ya mwaka ule Kongo ikapata uhuru, na kwa kuwa Wabelgiji hawakuwa wamesomesha hata daktari mmoja Mkongo, madaktari wao walipokimbia nchi ilibaki na matabibu wachache mno. Yeye alikaa.

Mwezi wa Agosti 1964 waasi waliojiita Simba wakauteka mji wa Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani, na upesi wakafika Nebobongo. Kwa miezi mitano daktari alikuwa mikononi mwao. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1964 alipigwa hata meno yakavunjika, akaburutwa, akanajisiwa kwa nguvu. Hatuyaelezi haya ili kuyatazama sana. Lakini ni haki yasifichwe, maana yeye mwenyewe hakuyaficha. Alisema ya kuwa usiku ule kwanza alijiona ameachwa na Mungu. Kisha akatambua ya kuwa Mungu hakuwa mbali, na ya kuwa aliulizwa moyoni neno moja zito: kama aweza kumshukuru Mungu kwa kumwamini na jambo hili, hata kama hataambiwa kamwe sababu yake. Hakusema ya kuwa uovu ule ulikuwa mwema. Alisema tu kwamba ndani yake hakuwa peke yake.

Baadaye waasi walimleta mbele ya wanaume wengi wa nchi ile, waliokusanywa kwa bunduki ili wamhukumu. Iliagizwa wapige kelele kuwa ana hatia. Lakini watu wale walipomwona tabibu wao, uso umevimba, wakalia machozi, wakamzunguka, wakasema ni wao. Mtu aliyekuja kwao mgeni, aliyehesabiwa wa mbali, sasa alidaiwa kama mtu wa ukoo.

Tena palikuwa na watawa wa Kanisa Katoliki waliofungwa pamoja naye, na mmoja, Mwitaliani, alikuwa ametendewa jeuri ile ile, akakata tamaa akidhani amepoteza usafi wake mbele za Mungu. Mkubwa wao akamwomba daktari amsaidie. Naye, Mprotestanti, akamfariji mtawa yule, akimweleza ya kuwa usafi wa mtu haunyang'anywi na uovu wa mwingine. Nani mwingine angeweza kuyasema maneno hayo yakaaminiwa? Katika sanduku lake la dawa hapakuwa na dawa ya ugonjwa huo. Ilikuwa katika jeraha lake.

Tarehe 31 Desemba 1964 akaokolewa. Wakati huo wote na baadaye, John Mangadima na wenzake ndio walioishikilia kazi ya Nebobongo, bila mshahara wa kuaminika na dawa zikiwa chache. Wakati wa kuwasifu madaktari, tusiwasahau watu wa namna hii.

Mwisho usiokuwa na tarumbeta

Mwaka 1966 Mama Luka alirudi Kongo, ingawa hakuna ambaye angemlaumu kama asingerudi. Akafanya kazi Nyankunde, karibu na Bunia, ambako misheni mbalimbali, pamoja na Daktari Carl Becker, ziliungana kuanzisha hospitali kubwa na chuo cha wauguzi. Akafundisha huko mpaka mwaka 1973.

Labda mtadhani ya kuwa baada ya hayo yote aliagwa kwa nyimbo na maua. La. Palitokea mgomo wa wanafunzi, naye akaiacha kazi ya chuo kwa uchungu, na kuagana kwake hakukuwa kama alivyotazamia. Kwao alirudi akiwa mpweke. Akamwuliza Mungu mbona hivi. Naye akaona anaulizwa, kama alimtaka Yesu peke yake, au Yesu pamoja na heshima, pamoja na shukrani za watu, pamoja na jina. Mstari ule wa vumbini ulikuwa ungali unakatwa. Tangu hapo alizunguka nchi nyingi akisimulia mambo haya, hata akafa Ireland ya Kaskazini tarehe 7 Desemba 2016, mwenye umri wa miaka 91.

Nimeieleza habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwa ajili ya walimu, wauguzi, makatekista na wote wenye kazi inayogusa maisha ya watu. Kazi nzito peke yake haimtakasi mtu. Wako waliofanya kazi ile ile wakawa wakali mpaka kufa. Yaliyomkuza Mama Luka si mateso tu, bali ni kukubali kuonywa, tena na watu aliowafundisha yeye mwenyewe: mtoto yatima, wachoma matofali, muuguzi wake, mchungaji wa kijiji.

Ya pili ni kwa ajili ya sharika. Tumezoea kudhani ya kuwa mgonjwa ndiye ahitajiye daktari, na daktari hahitaji mtu. Yule aliyekaa macho usiku na mama wa jirani yako, kisha asubuhi akapita barabarani uso umekunjamana, yamkini ana jeraha. Mwalimu aliyefoka darasani yamkini amechoka kuliko ujuavyo. Tusiwasengenye. Tuwaambie kweli kwa upole kama Mangadima. Tuwape chumba cha kupumzika na mahali karibu na moto kama Mchungaji Ndugu. Majengo ya hospitali zetu tumeyahesabu katika Yubile hii. Watu wanaofanya kazi ndani yake tumekabidhiwa pia, na Mungu atatuuliza habari zao.